Baa, Chumba cha Kupanga na Neno: Mahali pa Kukutania pa Watu wa Mapenzi ya Jinsia Moja nchini Uganda, kwa Kurejelea Nyamityobora na Nakivale

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mahali pa kukutania pa watu wa mapenzi ya jinsia moja nchini Uganda palivyobadilika tangu mwaka 2010, na jinsi mabadiliko hayo yanavyoigusa lugha ya Kiswahili. Baa zinazojulikana katika kumbukumbu za umma zilikuwa Kampala. Baadhi zilifungwa, nyingine zilivamiwa na polisi, na shughuli za kijamii zikahamia vyumba vya kupanga na simu za mkononi. Katika mtaa wa Nyamityobora mjini Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wazungumzaji wengi wa Kiswahili ni wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Huko suala la baa halikomei kwenye burudani. Linaingia hadi kwenye chumba cha mahojiano ya ulinzi, ambako kutojua mahali pa kukutania kunaweza kuchukuliwa kuwa dalili ya uongo, na ambako neno moja la mkalimani linaweza kuigeuza hadithi nzima. Makala inategemea sheria, hukumu, taarifa za umma na uchambuzi wa msamiati. Inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga istilahi, wakalimani na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu mapenzi ya jinsia moja katika Afrika Mashariki zimejikita katika sheria, afya au dini. Ni chache zilizouliza swali dogo ambalo mwanaisimujamii hana budi kulianza nalo: watu hawa huzungumzia wapi? Lugha ya kundi lolote hukua mahali. Wavuvi wana pwani yao, mafundi wana karakana yao, vijana wa mjini wana kijiwe chao. Mahali panapotoweka, msamiati uliozaliwa hapo huhama, hujificha au hufa.

Uganda inafaa kwa swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, katika kipindi cha takribani miaka kumi na mitano nchi hiyo imeona baa ya kwanza iliyotangazwa wazi kuwa ya watu hawa, uvamizi wa polisi katika kumbi za starehe, sheria mbili zilizopitishwa na Bunge na hukumu mbili za Mahakama ya Katiba. Pili, Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na sehemu kubwa yao inatoka mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kwa hiyo swali la namna Kiswahili kinavyowataja watu hawa limeacha kuwa la pwani peke yake. Sasa linaihusu Mbarara pia.

Ufafanuzi mmoja unahitajika mapema. Makala hii haitaji baa, nyumba wala kikundi chochote kinachofanya kazi sasa Nyamityobora au Nakivale. Yanayotajwa kwa jina ni yale yaliyokwisha kuwa sehemu ya kumbukumbu za umma. Katika mazingira ambamo anwani iliyochapishwa inaweza kumfikisha mtu gerezani, ukimya wa aina hii ni sharti la utafiti.

2.0 Baa kama baraza

Mwanasosholojia wa Marekani Ray Oldenburg, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alieleza umuhimu wa mahali pa tatu: si nyumbani, si kazini, bali pale watu wanapokutana kwa hiari na kuzungumza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa wazo hilo. Baraza la nyumba ya Mwambao, kijiwe cha Dar es Salaam na maskani ya Zanzibar ni mahali pa aina hiyo. Mtu hufika bila kualikwa, hukaa apendavyo na huondoka akiwa amepata habari.

Kwa watu ambao familia na mwajiri hawatakiwi kuwajua, baa imefanya kazi ya baraza. Katika historia ya Marekani, uvamizi wa polisi katika baa ya Stonewall Inn, New York, mwezi Juni 1969 unakumbukwa kwa sababu wateja walikataa kutawanyika. Walichokuwa wakikitetea ni mahali pa kujuana, na kinywaji kilikuwa jambo la pembeni. Hata hivyo, baa si umbo la lazima. Katika miji ya Mwambao wa Afrika Mashariki, Gill Shepherd (1987) aliandika kuhusu Mombasa bila kuiweka baa katikati ya maelezo yake. Yaliyotawala ni nyumba, undugu, hadhi na utajiri. Deborah Amory (1998) aliipa makala yake kichwa chenye maneno matatu, mashoga, mabasha na magai. La tatu ni neno la kigeni lililokwisha kuvaa kiambishi cha wingi cha Kiswahili. Kichwa hicho peke yake kinaonyesha tabaka mbili za historia: mpangilio wa kale wa Mwambao, na utambulisho mpya uliokuja pamoja na miji, vyombo vya habari na baa.

Ni muhimu pia kutambua kwamba kutoweka kwa baa hizi si jambo la Uganda peke yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba jiji la London lilikuwa limepoteza zaidi ya nusu ya kumbi zake za aina hii tangu mwaka 2006. Lakini sababu zinatofautiana. London ilisukumwa zaidi na bei ya ardhi, kodi ya pango na ujenzi mpya. Kampala ilisukumwa na polisi, mwenye nyumba na sheria. Anayefungiwa baa London anaweza kwenda nyingine mtaa wa pili, ilhali wa Kampala hana mtaa wa pili.

3.0 Kampala, 2010 hadi 2019

Mwaka 2010 mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera alifungua baa iliyoitwa Sappho Islands katika kitongoji cha Ntinda, Kampala. Jina lilimrejelea mshairi wa kike wa Ugiriki ya kale, na kwa asiyejua lilikuwa jina la kawaida la baa. Hilo lenyewe ni funzo la kiisimu: jina lilisema na kuficha kwa wakati mmoja. Baa hiyo ilifungwa mwaka 2011.

Mazingira ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mwezi Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililoitwa Rolling Stone, lisilohusiana na jarida la Marekani la jina hilo, lilichapisha picha na majina ya watu liliodai kuwa wa mapenzi ya jinsia moja, likiandamanisha na mwito wa kuwanyonga. Nabagesera, David Kato na mwenzao mmoja walilishtaki. Mapema Januari 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba uchapishaji huo ulivunja haki zao za utu na faragha. Tarehe 26 mwezi huohuo Kato aliuawa nyumbani kwake.

Baada ya hapo haikuwa rahisi kuwa na baa moja inayojulikana. Kilichotumika ni usiku maalumu katika baa ya kawaida. Mmiliki hutoa siku moja katika wiki, muziki hubadilika na wateja hubadilika, na kesho yake baa hurudi kuwa ya watu wote. Mpangilio huu una faida, kwa kuwa hauhitaji bango wala leseni tofauti. Udhaifu wake ni kwamba siku ikishajulikana, hujulikana pia kwa wasiotakiwa kuijua.

Matukio mawili yanaonyesha udhaifu huo. Tarehe 4 Agosti 2016 polisi walivamia klabu ya Venom huko Kabalagala wakati wa shindano la urembo lililokuwa sehemu ya wiki ya fahari, wakawakamata waandaaji na baadhi ya wahudhuriaji. Katika purukushani hizo mtu mmoja aliumia vibaya baada ya kuruka kutoka juu ya jengo. Usiku wa tarehe 10 Novemba 2019 ikaja zamu ya Ram Bar, katikati ya Kampala, ambako watu zaidi ya 120 walikamatwa. Polisi walitaja udhibiti wa tumbaku na shisha. Hatimaye watu 67 walishtakiwa kwa kosa la kero kwa umma.

Mashtaka hayo yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Hakuna aliyeshtakiwa kwa tendo la mapenzi ya jinsia moja. Sheria iliyotumika ni ile inayoweza kumkamata mvutaji wa shisha au mlevi mwenye kelele. Mshauri wa sera anayehesabu kesi kwa kuangalia kifungu cha ngono peke yake hataziona kesi hizi kabisa. Zipo katika madaftari ya kero, uzururaji na afya ya jamii.

4.0 Sheria na mwenye nyumba

Kanuni ya Adhabu ya Uganda, iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, iliadhibu tendo linaloitwa kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha. Sheria mpya ziliongeza jambo jingine: ziliyagusa majengo. Sheria Dhidi ya Ushoga iliyosainiwa tarehe 24 Februari 2014 iliadhibu anayetunza nyumba au chumba kwa ajili ya vitendo hivyo. Mahakama ya Katiba iliibatilisha tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi.

Sheria ya pili ilisainiwa mwezi Mei 2023. Inatoa kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, adhabu ya kifo kwa makosa yaliyoainishwa kuwa mazito zaidi, na kifungo kisichozidi miaka 20 kwa kueneza ushoga. Katika umbo lake la awali ilimwadhibu pia mtu anayeruhusu kwa kujua jengo lake litumike. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikataa kuifuta sheria yote, lakini iliondoa baadhi ya vifungu. Miongoni mwake ni kile cha kupangisha jengo, kile cha wajibu wa kutoa taarifa kwa polisi, na kile kilichohusu kuambukiza ugonjwa usiotibika. Mahakama ilitaja haki ya afya, faragha na uhuru wa dini.

Kwa karatasi, basi, mwenye nyumba amerudishiwa utulivu wake. Kwa vitendo hali ni tofauti, na sababu zake si ngumu kuzieleza. Mpangaji wa chumba kimoja, kile ambacho Waganda hukiita muzigo, aghalabu hana mkataba wa maandishi. Anaingia kwa maneno na kwa kulipa miezi michache, na anatoka kwa maneno. Anapofika mtaani hutakiwa kujulikana kwa mwenyekiti wa LC1, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Mwenye nyumba akisikia uvumi, hahitaji kifungu cha sheria. Anahitaji kufuli tu. Hukumu ya Aprili 2024 iliondoa kosa la mwenye nyumba, lakini haikumpa mpangaji haki mpya. Ndiyo maana mabadiliko ya sheria hayakuwa mabadiliko ya maisha kwa kasi ileile.

Kati ya sheria hizi mbili kuna tukio jingine lililobadilisha kumbi za starehe. Kwa sababu ya UVIKO-19, baa zote Uganda zilifungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili wateja wa kila aina walijifunza kunywa nyumbani na kujuana kwa simu. Nyumba nazo hazikuwa salama. Mwishoni mwa Machi 2020 makazi ya muda ya vijana wa kundi hili katika wilaya ya Wakiso yalivamiwa, na vijana wapatao 20 waliwekwa rumande kwa wiki kadhaa wakituhumiwa kukiuka masharti ya kuzuia maambukizi. Kwa mara nyingine, kosa lililoandikwa halikuwa la ngono.

5.0 Nyamityobora na Nakivale

Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ndiyo kitovu cha Ankole. Nyamityobora ni mtaa wa watu wengi katika eneo la Kakoba: vyumba vya kupanga vilivyopangana safu kwa safu, maduka ya rejareja, saluni, vibanda vya chakula na sehemu za pombe. Wilaya jirani ya Isingiro ina makazi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya kale ya wakimbizi barani Afrika. Leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 150,000.

Watu hutembea kati ya mahali hapa pawili. Mkimbizi aliyeandikishwa Nakivale anaweza kupata mgawo na kipande cha ardhi huko. Akihamia mjini kutafuta kazi au kutafuta usiri, anajitegemea. Nyamityobora inavutia kwa sababu mbili zinazopingana: chumba ni cha bei nafuu, na mgeni hashangazi. Lakini ukuta kati ya chumba na chumba ni mwembamba, na choo ni cha wote. Mjini panampa mtu mpya kutojulikana kwa muda. Hapampi faragha.

Katika mazingira haya hakuna baa inayoweza kubeba bango kama lile la Ntinda. Kuna sehemu za pombe za kawaida, na majina yake yanaonyesha ramani ya wahamaji. Mganda husema kafunda akimaanisha kibaa kidogo cha mtaani. Mkongo hulibeba neno la Kilingala nganda. Mnyarwanda na Mrundi wana neno lililotokana na kabare la Kifaransa. Mtanzania atasema grosari au kilabu. Neno baa linaeleweka na wote, lakini linaleta picha ya mahali penye kaunta, friji na bili, yaani mahali pa mwenye fedha. Mkimbizi anayelipwa kwa kibarua cha siku haendi baa kwa maana hiyo. Anakwenda kafunda, anakunywa tonto au waragi, na anaondoka mapema kwa sababu boda boda ya usiku ni ghali.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama kuna baa za mashoga Nyamityobora, swali lina makosa matatu ndani yake. Linadhani kwamba baa ndiyo mahali pa kukutania. Linadhani kwamba mahali pa kukutania panaitwa kwa kundi la wateja wake. Na linadhani kwamba neno shoga ndilo watu hao wanalojiita. Makosa mawili ya kwanza yamekwisha kujadiliwa. La tatu linastahili sehemu yake.

6.0 Majina ya watu

Neno shoga katika Kiswahili cha Mwambao ni jina ambalo wanawake huitana kwa upendo. Mwanamke humwita rafiki yake shoga yangu, na hakuna anayeshtuka. Matumizi ya pili, ya mwanamume anayehusishwa na mapenzi ya jinsia moja, nayo ni ya zamani, na kamusi za Kiswahili zinaonyesha maana zote mbili. Kilicho kipya ni kwamba vyombo vya habari vimelifanya neno hili kuwa istilahi ya jumla, na nomino dhahania ushoga ikawa tafsiri ya kawaida ya dhana nzima, hadi katika jina la sheria ya Uganda linavyotajwa kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anayependa wanawake anaingizwa katika neno ambalo kwa Mwambao lina maana ya urafiki wa kawaida wa wanawake. Maneno mengine, kama msenge, basha, msagaji na hanithi, yana mzigo wake. Baadhi hutaja nafasi ya mtu katika tendo, mengine ni matusi ya moja kwa moja. La mwisho lina asili ya Kiarabu, na Unni Wikan (1977) alilichunguza umbo lake la Oman kama jina la nafasi ya kijamii na wala si tusi tupu.

Nchini Uganda watu wa kundi hili wamejichagulia neno kuchu, linalojulikana kimataifa kupitia filamu ya hali halisi ya mwaka 2012, Call Me Kuchu. Ni neno lililokua katika mikutano yao wenyewe, baa zikiwemo, na thamani yake ilikuwa kwamba mpita njia halielewi. Baada ya magazeti na filamu, sasa analielewa. Hivi ndivyo msamiati wa siri unavyozeeka: kadiri kundi linavyopata sauti hadharani, ndivyo neno lake linavyopoteza kinga.

Mkimbizi wa Kongo aliyefika Nyamityobora huenda halijui neno kuchu. Kwao tendo hilo halikuwa kosa la jinai, ingawa jamii haikulikubali. Msamiati wake wa jambo hili unaweza kuwa wa Kifaransa, au mzunguko wa maneno ya heshima usiotaja kitu kwa jina. Mnyarwanda analo neno abatinganyi, lenye sauti ya lawama. Mrundi anatoka nchi iliyoliingiza tendo hilo katika sheria ya jinai mwaka 2009. Wote watatu wanaweza kuzungumza Kiswahili kwa pamoja sokoni bila shida, na wote watatu wakakwama kwenye neno hili moja.

Kuna jambo jingine linaloihusu Uganda pekee. Tangu enzi za ukoloni, na zaidi baada ya Idi Amin kukitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Waganda wengi wamekihusisha Kiswahili na jeshi na polisi. Kwa mteja Mganda wa baa ya Kampala, Kiswahili kinaweza kuwa sauti ya mtu anayegonga mlango. Kwa Mkongo wa Nyamityobora ni lugha ya mama mdogo, ya kanisa na ya kibarua. Kikundi chochote kinachotaka kuwakutanisha hawa wawili hukutana kwanza na tofauti hii. Kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi hakuiondoi. Panahitajika mahali ambapo watu wanakisikia kikitumika kwa wema.

7.0 Baa kama ushahidi

Gharama ya mkanganyiko huu huonekana zaidi katika mahojiano ya ulinzi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua, miongoni mwa sababu za ukimbizi, hofu ya kuteswa kwa kukataa desturi zinazobagua kwa misingi ya jinsia. Miongozo ya UNHCR ya mwaka 2012 inaeleza wazi kwamba madai yanayotokana na mapenzi ya jinsia moja yanaweza kuangukia katika Mkataba wa 1951. Mtu wa Nakivale anayeomba ulinzi maalumu au kuhamishiwa nchi ya tatu lazima aeleze maisha yake kwa mtu asiyemjua, mara nyingi kupitia mkalimani anayetoka jamii yake mwenyewe.

Hapa ndipo baa inaporudi kwa sura nyingine. Katika nchi za Ulaya, waombaji hifadhi wameulizwa kwa miaka mingi kuhusu kumbi wanazozijua. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika hukumu ya Julai 2010 iliyowahusu mwombaji wa Iran na wa Kamerun, ilikataa hoja kwamba mtu arudishwe kwao ili aishi kwa kujificha. Hata hivyo, mmoja wa majaji alitoa mfano wa uhuru huo kwa kutaja matamasha ya muziki na vinywaji vya rangirangi. Mfano ulikuwa wa nia njema, lakini ulikuwa wa London. Mwezi Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba maswali yaliyojengwa juu ya dhana za jumla hayatoshi kupima ukweli wa mwombaji. Miongozo ya UNHCR nayo inaonya kwamba mtu aliyeishi kwa siri huenda hajui kumbi wala vikundi, na kutojua huko si lazima kuwe dalili ya uongo.

Fikiria basi mahojiano ambamo swali ni: ulikuwa ukikutana wapi na wenzako? Mkalimani akilitafsiri kama ulikuwa ukienda baa gani za mashoga, mambo mawili yametokea kwa sentensi moja. Mhojiwa ametukanwa, au ameitwa kwa jina asilolijua, na pia ameulizwa kuhusu mahali ambapo hapakuwepo. Atajibu hapana, sikwenda. Jibu ni la kweli. Katika faili linaweza kusomeka kama pengo. Kosa halikuwa la mhojaji wala la mhojiwa. Lilikuwa la istilahi.

Hatari haimhusu mkimbizi peke yake. Mwezi Machi 2014 Serikali ya Uganda ilisitisha shughuli za Refugee Law Project, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika makazi ya Nakivale na katika sehemu ya Kampala, kwa tuhuma za kueneza ushoga. Msaada wa kisheria kwa wakimbizi wa kila aina uliguswa. Mwezi Agosti 2022 shirika la Sexual Minorities Uganda lilisimamishwa na Ofisi ya NGO kwa hoja ya usajili. Washauri wa sera wanapopanga huduma za tafsiri Nakivale, inafaa wakumbuke kwamba neno lililochaguliwa vibaya katika kipeperushi laweza kuifungia ofisi nzima mlango.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutoka Ntinda mwaka 2010 hadi vyumba vya Nyamityobora leo, mahali pa kukutania pamehama kutoka bango hadi usiku maalumu, kutoka usiku maalumu hadi chumba, na kutoka chumba hadi simu. Simu nayo ina gharama zake. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ikaibadilisha mwaka 2021 kuwa kodi ya data, na mwezi Januari 2021 Facebook ilifungwa nchini. Kwa anayepima bando kwa shilingi mia mbili mbili, mtandao si baraza la bure. Zaidi ya hayo, mtu usiyemwona uso anaweza kuwa mtego.

Makala hii inapendekeza mambo manne. Kwanza, vyombo vya istilahi, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viandae orodha fupi ya maneno yasiyotukana kwa matumizi ya wakalimani, afya na mahakama. Mapenzi ya jinsia moja ni msingi unaofaa kwa kuwa unaeleweka na haumtukani mtu. Mwelekeo wa kijinsia unahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa neno jinsia hubeba pia majukumu ya wanaume na wanawake katika jamii, na msikilizaji hawezi kujua ni lipi linalokusudiwa. Pili, mafunzo ya wakalimani yahimize kumuuliza mhojiwa kwanza neno analotumia yeye mwenyewe, kisha kulitumia hilo. Tatu, maswali kuhusu mahali yaulizwe kwa neno pana, kama mahali pa kukutana na watu unaowaamini, na yasihusishwe na baa isipokuwa mhojiwa ameitaja. Nne, takwimu za ukamataji zikusanywe pamoja na makosa ya kero, uzururaji, tumbaku na afya, kwa kuwa huko ndiko kesi nyingi zilikoandikwa.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalosubiri Bunge libadili sheria. Yote yamo ndani ya uwezo wa walimu wa tafsiri, wahariri wa kamusi na ofisi zinazoajiri wakalimani. Mtu anayekaa mbele ya meza ya mahojiano Nakivale hana baa ya kuitaja, na pengine hakuwahi kuwa nayo. Alicho nacho ni maelezo yake, na maelezo hayo yatafika upande wa pili wa meza kwa kadiri ya Kiswahili kitakachoyabeba.